Punguza Kabla ya Kona



Wengi wenu mnaijua ile Suzuki Swift Sport yangu. Ni gari dogo, injini ni ya lita 1.6, linavutwa na magurudumu ya mbele, na ukikanyaga mafuta linaitika. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 pale Naivasha, nilishikwa na homa ile ile iliyowashika vijana wetu. Leo nataka kuungama jambo.

Mwaka jana niliamua kulitengeneza gari lishike kona. Nikanunua rimu pana za kung'aa. Fundi mmoja akanikatia springi ili likae chini. Lilipendeza! Vijana walipiga picha nalo baada ya ibada. Tairi nilizovalisha rimu hizo zilikuwa za mtumba. Niliona zina meno mazuri, nikaridhika.

Jumapili moja jioni, mimi na mke wangu tulikuwa tukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Mvua ilikuwa imenyesha. Akaniambia, "Baba watoto, punguza." Nikamjibu vibaya, kwamba gari hili limetengenezewa kona. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimehubiri juu ya uvumilivu.

Kwenye kona iliyofuata nilikata usukani, gari likakataa. Pua iliendelea moja kwa moja kuelekea upande wa pili, na lori lilikuwa linapanda. Nikaachia mafuta ghafla, nyuma nayo ikaanza kuteleza. Dereva wa lori alijibana upande wa mlima, akatupisha. Hatukuguswa. Tulisimama chini, karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, tukakaa kimya. Mke wangu hakunilaumu. Alilia tu.

Jumatatu nilimpelekea gari fundi mmoja mzee. Alilala chini yake kwa muda mrefu. Alipotoka akasema, "Pasta, umemvalisha suti mtu mwenye viatu vilivyotoboka."

Akanionyesha tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi zangu zilikuwa na zaidi ya miaka 10. Meno yalikuwepo, lakini mpira ulikuwa umekauka. Shoki moja ilikuwa inavuja. Bushi za mbele zilikuwa zimepasuka, kwa hiyo hata nikikata usukani, magurudumu hayakai pale ninapoyaelekeza. Na zile springi zilizokatwa ziliinyima shoki nafasi ya kufanya kazi. Gari likigonga bonde, linafika mwisho na tairi inapoteza barabara.

"Gari linashikwa na tairi," akasema. "Kila moja inagusa lami kwa sehemu kama kiganja chako. Hayo mengine yote kazi yake ni kuhakikisha viganja hivyo vinne havibanduki."

Basi tukaanza upya, kwa utaratibu wake. Kwanza tairi mpya, na upepo kulingana na kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, upimwe tairi zikiwa baridi. Pili bushi na shoki. Tatu springi zinazolingana na shoki hizo. Kisha alaimenti. Nilipomuuliza kuhusu stabilaiza nene ya nyuma, alisema inaweza kusaidia pua kuingia kona, lakini hiyo ni ya mwisho kabisa, na wakati wa mvua inaweza kuifanya nyuma iwe nyepesi kuteleza.

Halafu akanirekebisha mimi. Tairi ina nguvu moja tu, na inaigawa kati ya kufunga breki, kukata kona na kuvuta. Ukiidai yote kwa mara moja, inakuacha. Kwa hiyo funga breki ukiwa bado umenyooka. Kata kona kwa utulivu. Kanyaga mafuta ukiona barabara imefunguka.

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikiyawaza maneno hayo. Mara ngapi nimengoja mpaka niko katikati ya ugomvi ndipo nikatafuta breki? Nikiwa nimechoka, sijaomba, sijalala, naingia sebuleni kwa kasi, kisha nashangaa ulimi umeteleza. Kupunguza kulipaswa kutokea mlangoni, kabla sijafungua kinywa. Soma Yakobo 1:19 jioni hii.

Na yule mjenzi wa Luka 6:48, kazi yake ngumu ilikuwa chini, mahali ambapo jirani hawezi kupapiga picha. Mimi nilikuwa nimenunua rimu.

Ilinichukua siku tatu kumwomba mke wangu msamaha. Gari lilitengenezwa kabla yangu. Nilimwambia, "Uliniambia kweli, nami nikakudharau." Akasema, "Nilikuwa nangoja." Sasa tukiteremka Mai Mahiu, akisema punguza, napunguza, hata kama naona tuko sawa.

Kuna mtu nyumbani kwako amekuambia "punguza" wiki hii. Pengine ni kuhusu pesa, au hasira, au simu usiku. Usimjibu kwa kumtajia uwezo wa injini yako. Mpigie leo.

Baba, tufundishe kupunguza kungali mapema, na uwalinde wote walio barabarani usiku huu. Katika jina la Yesu.

Sema Amina.