Kitanda cha Mfungwa na Haki ya Wafiwa



Ndugu msomaji, yako mazungumzo yasiyokwisha barazani, na mojawapo ni hili la wauaji kustareheshwa jela. Picha za magereza ya Norway, hasa ya Halden lililofunguliwa mwaka 2010, hutufikia katika simu zetu kila baada ya muda: chumba chenye dirisha lisilo nondo, kitanda safi, runinga, jokofu dogo na choo cha peke yake. Mtu anayezitazama akiwa Kisauni au Majengo, naye analala chumba kimoja na watoto wanne na kodi ya mwezi haijalipwa, huuliza swali ambalo si la kupuuzwa: ikiwa aliyeua hupewa haya, asiyeua amepewa nini?

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Anders Behring Breivik. Tarehe 22 Julai 2011 alilipua bomu katika mtaa wa ofisi za serikali mjini Oslo akaua watu 8, kisha akaenda katika kisiwa cha Utøya, ambako vijana wa chama cha Leba walikuwa wamepiga kambi, akawapiga risasi na kuua 69. Wengi wao walikuwa hawajafika miaka ishirini. Chuki yake kubwa ilikuwa dhidi ya Waislamu na wahamiaji, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo watoto wa familia za Kiislamu. Agosti 2012 akahukumiwa miaka 21. Watu wa hesabu za barazani walikwishagawanya: kila roho moja imelipiwa miezi mitatu na siku chache. Tena mtu huyo, akiwa na vyumba zaidi ya kimoja na vifaa vya mazoezi, aliishtaki serikali akidai kwamba anatendewa unyama. Mwaka 2016 mahakama ya chini ilimkubalia sehemu ya madai yake, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo.

Ukiisikia habari hii hadi hapo, ghadhabu ni haki yako. Lakini ina upande ambao picha za simu haziuonyeshi. Kifungo chake ni cha namna ya pekee, kinachowekewa watu wa hatari: miaka 21 inapokwisha, mahakama inaweza kukirefusha kwa miaka isiyozidi mitano kila mara, maadamu imeridhika kwamba angali wa kuogopwa. Alipoomba kuachiliwa mwaka 2022 alikataliwa, na alipoomba tena mwaka 2024 alikataliwa vilevile. Huenda mtu huyo asitoke maisha yake yote.

Suala hili silizungumzi kwa mbali. Mimi ni mjomba wa kijana aliyeuawa. Mwaka 2013 mwana wa dada yangu, umri wake miaka 20, alichomwa kisu akirejea nyumbani kutoka kazini, kwa ajili ya simu isiyofika thamani ya shilingi elfu sita. Aliyemchoma alikamatwa, akashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, na baada ya miaka miwili ya kuahirishwa kwa kesi, pande mbili zikaafikiana akiri kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia. Akapewa miaka tisa.

Dada yangu alirudi nyumbani akiihesabu tisa. Hakuna aliyemweleza kwamba sheria ya magereza humwezesha mfungwa wa namna ile, akiwa na mwenendo mwema, kusamehewa theluthi moja ya kifungo, wala kwamba miaka miwili aliyokaa rumande ingeweza kuhesabiwa ndani yake. Tisa ikawa sita, na sita ikawa minne. Habari ya kutoka kwake aliipata kwa muuza samaki: “Dada, yule kijana karudi. Jana alikuwa maskani.” Tangu siku ile dada yangu huzunguka njia ya nyuma kwenda sokoni, kwa kuwa njia ya mbele inapita penye maskani hayo. Aliyedhulumiwa ndiye aliyebadilisha njia.

Nisieleweke vibaya. Miaka minne kwa roho ya mtu ni michache, na sheria yetu haikuwa na ufinyu wowote: kosa la kuua bila kukusudia linaweza kuadhibiwa kwa kifungo hata cha maisha. Lakini katika muda wote huo sikumsikia dada yangu akiuliza mfungwa analala wapi. Watu wakija kumliwaza walimwambia kwamba jela zetu zimefurika na wafungwa hulala wakibanana sakafuni. Aliwasikiliza, kisha akasema kwamba kulala kwake sakafuni hakumrudishii mwanawe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulio nje tumeshughulika sana na kitanda cha mfungwa, hata tukakisahau cha mfiwa.

Kilichomuumiza dada yangu kilikuwa kingine. Katika ukumbi wa mahakama yeye alikuwa shahidi tu. Mwenye kesi alikuwa Jamhuri. Jina la mwanawe lilisomwa katika hati ya mashtaka, tena kwa makosa, na baada ya hapo akawa anaitwa “marehemu”. Hakuna aliyeuliza alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akimtegemeza nani, wala alikuwa akijifunza kazi gani.

Ndiyo maana, katika habari yote ya Norway, lililonigusa kupita jokofu na runinga ni namna kesi ile ilivyoendeshwa mwaka 2012. Kwa kila mmoja wa wale 77, baada ya kusomwa ripoti ya daktari kuhusu kifo chake, picha yake ilionyeshwa mahakamani na maneno machache yakasomwa kueleza alikuwa nani na alipenda nini. Familia ziliwakilishwa na mawakili waliolipwa na serikali. Muuaji alilazimika kuketi na kusikiliza, mmoja baada ya mwingine. Nchi ile ile tunayoilaumu kwa kumlaza muuaji pazuri ilimpa kila aliyeuawa nafasi ya kutajwa kama mtu, na hilo ndilo ningelitaka lifike kwetu kabla ya hukumu za kutisha.

Wala si jambo geni kwetu. Katika sharia, kama Sura ya Al-Baqara inavyoweka katika aya ya 178, wenye damu wamo ndani ya kesi: wanaweza kudai kisasi, kupokea dia au kusamehe, na hakuna awezaye kusamehe kwa niaba yao. Mahakama za Kadhi za Kenya hazina mamlaka ya kesi za jinai, na simo katika kudai mengine. Ninachosema ni kwamba fikra ya kumuuliza mfiwa ni yetu tangu zamani.

Hata Katiba ya 2010 imeigusa. Kifungu cha 51 kinalinda haki za mfungwa, na kinastahili kulindwa, maana aliyefungwa hatoki katika ubinadamu. Lakini mstari wa mwisho wa kifungu cha 50, ulio juu yake, unaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na sheria hiyo ipo tangu 2014. Inawapa nafasi ya kusikilizwa kabla ya hukumu. Dada yangu alisimama mbele ya hakimu mwaka 2015, sheria ikiwa imeshapita, na hakuna aliyemjulisha.

Basi msiba kama huu ukiifika familia, Mungu apishe mbali, tusiwaache wafiwa waende mahakamani peke yao kama tunavyowaacha baada ya arubaini. Msikiti una mawakili miongoni mwa waumini wake. Mmoja wao afuatane nao, amuulize kiongozi wa mashtaka mambo matatu: wafiwa watasikilizwa lini, miaka iliyotamkwa ni mingapi baada ya kupunguzwa, na nani atawajulisha siku ya kutoka mfungwa. Maswali haya hayahitaji sheria mpya wala jela mbaya zaidi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na dada yangu hadi leo anapita njia ya nyuma.