Injini Ilipokuwa Shahidi

Zamani Kariakoo gari la mtu lilikuwa la mtaa mzima. Sisemi hivyo kwa kusifia. Kwa mwenye gari ilikuwa kero tupu. Mtaani kwetu Sikukuu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye magari walihesabika, na baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Peugeot 504, gari lililosifika Afrika Mashariki nzima tangu liliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975. Akitokea mgonjwa wa kukimbizwa Muhimbili, bibi harusi wa kupelekwa Ilala au msiba wa kwenda kuzika mbali, mlango uliogongwa ulikuwa wetu. Na kukataa hakukuwa rahisi. Mwenye gari akikataa alfajiri, adhuhuri msikiti mzima unajua.

Sasa gari la kuazima huharibika, na kuna swali ambalo mtaa wetu umelijibu kwa namna tofauti kila nilipozidi kukua: injini ikifia mikononi mwa mwingine, nani analipa?

Jibu la kwanza nililiona nikiwa mtoto. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliazima ile 504 kwenda kuzika Bagamoyo. Ilikuwa Jumapili, na enzi zile magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ila kwa kibali, ili kubana matumizi ya mafuta. Mazishi yakachelewa. Mwalimu akaondoka roho juu, akakanyaga mafuta kwenye ile njia mbovu ili saa nane imkute nyumbani. Njiani mpira wa maji wa rejeta ukapasuka. Aliona mshale wa joto umepanda, akaingiwa na hofu. Kidogo akauona umeshuka, akamshukuru Mungu, akaendelea na safari.

Hapo ndipo watu wengi wanapoulia injini hadi leo. Kile kipimo kimekaa ndani ya maji, kinasoma joto la maji. Maji yakimwagika yote kinabaki hewani, na mshale unaweza kurudi chini wakati chuma kinaungua. Gari likamzimikia Tegeta, na kesho yake likavutwa mpaka kwa mafundi wa Gerezani.

Fundi wa baba alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza kazi karakana ya reli, na alikuwa na taratibu zake. Hakufungua injini mpaka wote wawili wafike, mwenye gari na aliyeliazima. Mzee mmoja wa msikitini akaja naye, hakuna aliyemwita, pamoja na wale watu wa Gerezani ambao hawakosekani palipo na gari bovu. Mimi nilikuwa nimeshika koti la baba.

Alitoa hedi, akaigeuza na kuilaza juu ya gunia. Kisha pistoni, moja baada ya moja, kila moja na konrodi yake, akizipanga kwa mfuatano wa silinda zao, ya kwanza kushoto na ya nne kulia. Hakutaka mtu ashike kitu. Akasimamisha rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akachuchumaa, akachungulia chini ya rula. Mwanga ukipenya, hedi imepinda. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma; vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti, kimoja kinataka kukua na kingine kinakibana. Akatuita tuchungulie kwa zamu. Mwanga ulikuwa unapenya.

Kisha akachovya kidole kwenye oili. Ilikuwa imechanganyika na maji, imekuwa kama chai ya maziwa. Akachukua ule mpira, akaukunja, ukamkatikia vidoleni.

"Mzee," alimwambia baba, "huu mpira umeoza siku nyingi. Ungepasuka hata kama ungekuwa unaendesha wewe. Na hii kutu kwenye njia za maji ni ya maji ya bomba uliyokuwa unajaza." Halafu akainua silivu moja, ile ala ya chuma inamotembea pistoni, akaigeuzia juani, tukaona michirizi ndani yake, mipya, inang'aa. "Lakini hii si ya mpira. Hii ni ya mtu aliyeendelea kwenda."

Mwalimu hakubisha. Baba naye, ambaye njia nzima kutoka nyumbani alikuwa akisema atamshitaki, akanyamaza, kwa sababu mpira uliooza ulikuwa umelala pale kwenye gunia mbele ya watu. Mzee wa msikitini ndiye aliyegawa: mpira na kusafisha rejeta, juu ya mwenye gari; gasketi, kuchonga hedi na silivu, juu ya mwalimu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yule mzee hakuwa anabuni. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, aliyeazima kitu anakibebea dhamana, isipokuwa kile kilicholika kwa matumizi aliyoruhusiwa. Na Sheria ya Mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza, nao wakiwa wameiandika kwa kufuata ile ya India, haiko mbali sana: aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza yake, na mwenye mali aseme kasoro anazozijua kabla hajaikabidhi. Sheria zote mbili zinauliza jambo moja, kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo na kipi kimeharibiwa. Gerezani swali hilo lilijibiwa kwa spana.

Kulipa ndiko kulikokuwa na kazi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, na mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977. Ukienda Shirika la Magari la serikali kuulizia spea unaambiwa uandike jina. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na hata waliokuwa na gasketi uvunguni wakaogopa kuzitoa. Gari likakaa juu ya mawe mbele ya nyumba muda mrefu, kuku wakalifanya lao. Gasketi ililetwa hatimaye na baharia mmoja, na sikuwahi kuambiwa aliipata bandari gani. Mshahara wa mwalimu usingetosha hata robo ya deni, kwa hiyo sehemu yake akailipa kwa kunifundisha hesabu jioni, barazani, pale pale lilipo gari. Nilifaulu kwenda sekondari kwa sababu ya hedi iliyopinda. Mama alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni, na mwalimu akiwepo alicheka kuliko wote.

Halafu mambo yakafunguka. Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia madarakani, na ndani ya miaka michache Kariakoo ikawa haijitambui. Zilianza pikapu, zikafuata Corolla na Corona zilizotumika Japani, nchi ambayo usukani nao uko kulia kama kwetu. Nyuma ya magari zikaja injini. Leo ukipita Shaurimoyo utazikuta zimepangwa sakafuni toka mlangoni hadi ukutani, zikiwa na oili yake ndani, nyingine bado na nyaya zilizokatwa kwa msumeno kule zilikotoka. Mteja akitaka kuisikia, muuzaji anaunganisha betri na kidumu cha petroli, na injini inanguruma pale pale sakafuni, bila gari. Mara ya kwanza kuiona hali hiyo nilirudi nyuma hatua. Akikuuzia anazipaka bolti rangi, ili ukirudi kulalamika ajue kama umeifungua. Ukiifungua, dhamana imekwisha.

Mwaka ambao Msimbazi yote ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya njia za mwendokasi, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliazima Corolla yangu kwenda Morogoro kwenye mahari ya rafiki yake. Ilikuwa namba B, injini 5A, ile ya 1500 ambayo mafundi wa Dar wanaijua gizani. Akanipigia kutoka Chalinze: gari limechemsha, ameongeza maji, limewaka, lakini linatoa moshi mweupe. Nilipolifikisha Gerezani lilikuwa haliwaki kabisa.

Fundi sasa alikuwa kijana. Alifungua kifuniko cha oili, akaangalia chini yake, akafunga.

"Bosi, hii tunatoa, tunaweka nyingine. Jioni unaondoka nayo."

Nikamwambia afungue kwanza. Nilitaka rula na gunia. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mzazi anayeuliza bei za zamani, akaanza kunihesabia kwa vidole: kuchonga hedi, seti ya gasketi, ringi, beringi, ufundi wa siku kadhaa, na bado hedi ikipitiliza kiwango hakuna cha kuchonga. Kiwango chenyewe kwa injini ile ni sehemu ya ishirini ya milimita. Injini nzima Shaurimoyo ilikuwa milioni moja na ushei. "Ukifungua utalipa mara mbili. Utalipa kujua, halafu utalipa kununua."

Alikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi. Uchumi wa jambo hilo hauna mjadala. Japani wanalitupa gari lenye injini nzima kwa sababu kulimiliki kumekuwa ghali, injini inafika hapa kwa bei ambayo fundi mwenye rula hawezi kushindana nayo, na kijana akilisimamisha gari moja siku nne kwa kufungua na kupima, wenzake wameshatoa na kuweka mengine. Injini yangu ikashushwa kwa mnyororo, ikapakiwa kwenye mkokoteni nzima nzima, na mwenye duka akaikatia kitu kidogo kwenye bei ya ile mpya. Ilikokwenda sijui, pengine kwa wapima vyuma chakavu.

Tukabaki mimi na shemeji tumesimama pale na bei moja. Hakukuwa na mpira wangu wala silivu yake. Yeye alisema gari lilikuwa linachemsha tangu siku nyingi, mimi nikasema alikanyaga mafuta mlimani na akamwagia injini ya moto maji baridi. Inawezekana wote tulisema kweli. Mafundi wetu wana tabia ya kung'oa temostati kwa hoja kwamba huku ni joto, na sijui kama mmoja wao hakuwahi kuing'oa yangu. Kitu pekee kilichoweza kutuambia kilikuwa kinasukumwa kuelekea Msimbazi.

Bima haikusaidia, maana bima ndogo hulipa mtu wa tatu, na hata ile kubwa ni ya ajali, haigusi injini iliyochemka. Mwisho mama mkwe akaingilia kati, na kwa kuwa hakuwa na ushahidi wowote akafanya wanachofanya wapatanishi wasio na ushahidi: akakata katikati. Shemeji alilipa nusu, kwa simu, kidogo kidogo, na kila ujumbe wa pesa ulipoingia mke wangu aliuona uso wangu nami nikauona wake. Baba na mwalimu walijua kila mmoja anadaiwa nini na kwa nini, wakala pamoja Idi iliyofuata. Sisi kila mmoja aliamini ameonewa nusu injini. Juu ya hayo nikapanga foleni TRA kubadilisha namba ya injini kwenye kadi.

Siku hizi vijana wananiambia shahidi amerudi, kuna mashine ya kupima, unachomeka chini ya usukani inakusomea makosa yote. Nimeiona. Inasema silinda ya pili haichomi vizuri. Haisemi imeanza lini wala kwa mkono wa nani, na aliyeazima akiwa mjanja anapita kwa fundi, kumbukumbu zinafutwa kabla hajarudisha ufunguo. Kuazimana kwenyewe kumepungua. Uber ilipoingia Dar mwaka 2016, na wenzake wakafuata, mgonjwa wa usiku hakulazimika tena kugonga mlango wa jirani. Harusi zinakodi. Mtaani kwetu kuna maghorofa, na magari yanayolala chini yake sijui ni ya nani.

Mwaka jana shemeji akapiga tena, mambo yamekwisha kupoa, anaomba gari kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Nikamwambia karibu, aje asubuhi na fundi wake, wafungue boneti, waangalie mipira, maji, oili, wachomeke na hiyo mashine, kila wanachokikuta wakiandike tutie saini wote, na akirudisha tufanye hivyo hivyo.

Akakaa kimya kidogo kwenye simu.

"Shem," akasema, "ngoja niulizie bei ya kukodi."

Nikamtafutia namba ya jamaa mmoja wa Lumumba anayekodisha na dereva wake.