Makumbusho ya Nairobi: Lango Lina Bei, Hazina Haina

Iwapo Jumapili hii hujui pa kuwapeleka watoto, achana na maduka makubwa ya mjini. Shuka matatu pale Museum Hill, karibu na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, kisha upande kilima kwa miguu. Kabla jasho halijakutoka utakuwa umefika kwenye lango la Jumba la Makumbusho la Nairobi.

Hapo ndipo mzazi hupiga hesabu. Mkenya ana kiasi chake cha kulipa, jirani wa Afrika Mashariki chake, na mgeni wa ng'ambo hulipa zaidi. Ukitaka kuwaona nyoka, hiyo ni tikiti nyingine, au uchukue ile ya pamoja. Usishangae mwanao akikuuliza: "Baba, hii si mali ya serikali? Mbona tunalipa?"

Swali hilo si la kitoto. Mpe jibu mkiwa mnatembea.

Anza na Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake imesimama uani, na pembe zake karibu ziguse ardhi. Ndani mtakutana na ukumbi wa ndege wa Afrika Mashariki, michoro ya Joy Adamson ya watu wa makabila yetu, na habari za Kijana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Kijana huyo aliishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Sasa turudi kwenye swali la fedha. Makumbusho haya hayakuanzishwa na serikali. Mwaka 1910 chama cha wapenzi wa wanyama na mimea, wengi wao walowezi na maafisa wa kikoloni, kilitafuta mahali pa kuweka vitu walivyokusanya. Walianza pale lilipo Jumba la Nyayo hivi leo. Nafasi ikawa haba, wakahama mwaka 1922. Baadaye serikali ilitenga ardhi hapa kilimani, na Septemba 1930 jengo likafunguliwa kwa jina la aliyekuwa gavana, Robert Coryndon. Baada ya uhuru likawa la taifa, na mzigo ukawa wa taifa pia.

Lakini wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hazina ya serikali ina hospitali, shule na barabara za kugharamia, na makumbusho aghalabu husubiri mwisho wa foleni. Oktoba 2005 jumba lilifungwa ili likarabatiwe, fedha nyingi zikitoka Muungano wa Ulaya. Lilipofunguliwa tena mwaka 2008 lilikuwa na sura mpya: mkahawa, duka la vitu vya sanaa, kumbi za kukodisha na bustani. Ndiyo maana leo waweza kumkuta bibi harusi akipigwa picha hatua chache kutoka kwa mafuvu ya kale.

Si vibaya. Mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, kuna milango usiyopita kwa tikiti yako. Nyuma yake imo hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyohamishiwa Nairobi kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Humo mna majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, karibu milioni moja. Hakuna anayepiga foleni kuyatazama, lakini mtaalamu akitaka kujua mmea fulani ni upi na ulimea wapi zamani, huko ndiko huenda. Iwapo kila chumba kitapimwa kwa fedha kinachoingiza, cha majani kitafungwa kwanza na cha harusi kitapanuliwa.

Tena kuna hatari ya pili. Mathare si mbali na kilima hiki. Kwa mtoto wa huko, nauli na kiingilio vikijumlishwa ni chakula cha siku nzima nyumbani. Ada ikipanda kila jumba linapokosa fedha, mwenye kurithi hazina hii ndiye atakayebaki nje. Kwake, ziara ya shule huwa ndiyo njia pekee ya kuingia. Kwa hivyo mzazi, barua ya ziara ikiletwa nyumbani, usiitupe ukidai ni kupoteza wakati. Na ukiweza, mlipie pia mtoto wa jirani.

Fika asubuhi kabla watu hawajajaa. Muulize mwelekezi maswali, maana ana mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani. Kisha mwambie mwanao kwamba mali ya umma nayo hula, na kwamba tikiti yenu ya leo ni kijiko kimoja tu. Sufuria ni ya serikali, na ni haki yetu kuuliza kama imetiwa chochote.