Robo Haizidi Nusu: Lugha na Upimaji wa Desimali Katika Shule za Msingi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa habari za subira na akiba, lakini ndani yake mna hesabu pia. Kibaba ni kipimo. Vibaba viwili hufanya kisaga, na vibaba vinne hufanya pishi. Vipimo hivyo vya jadi viligawanya vitu kwa nusu na kwa robo. Huku kwetu Bungoma na Kitale, mahindi hupimwa sokoni kwa gorogoro na kwa debe, na mtoto anayetumwa buchani hurudi na robo kilo au nusu kilo ya nyama bila kutatizika. Mtoto huyo hawezi kukubali apewe robo ilhali amelipia nusu. Hata hivyo, mwandikie 0.25 na 0.5 ubaoni, umwulize ipi iliyo kubwa, na huenda akakuonyesha 0.25. Je, kwa nini ajuaye sokoni asijue darasani? Swali hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, ingawa mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili wala si wa hisabati.

Msingi wa jambo lenyewe ni thamani ya nafasi. Tarakimu 5 ni ile ile katika 50, katika 5, katika 0.5 na katika 0.05, lakini thamani yake hubadilika kulingana na mahali ilipokaa. Kila inaposogea nafasi moja kuelekea kulia, hupungua mara kumi. Mtoto asiyeushika msingi huu huona nukta kama ukuta tu unaotenga namba mbili za kawaida. Kwake yeye, 0.25 ni sifuri, kisha ishirini na tano. Na kwa kuwa ishirini na tano ni nyingi kuliko tano, anahitimisha kwamba 0.25 inaizidi 0.5.

Kosa hili si la watoto wa Kibabii peke yao. Mnamo 1985, Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard walieleza kanuni potofu ambazo wanafunzi nchini Ufaransa walizifuata walipolinganisha desimali. Baadaye, Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walilichunguza suala hilo kwa miaka mingi. Kundi moja la wanafunzi huamini kwamba desimali yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Kundi jingine huamini kinyume chake: kwa vile sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, basi 0.73 lazima iwe ndogo kuliko 0.6. Makundi yote mawili hayakisii. Kila mtoto ana kanuni yake na huifuata kwa uaminifu.

Hapa ndipo ugumu wa kupima unapoanzia. Tuchukulie mwalimu ameuliza ipi kubwa kati ya 0.3 na 0.75. Mtoto anayeamini kwamba ndefu ndiyo kubwa atajibu 0.75, naye atapata tiki. Tuchukulie pia ameuliza kuhusu 0.35 na 0.62. Hata mtoto asiyejua lolote kuhusu sehemu za kumi atalinganisha 35 na 62, kisha apate tiki nyingine. Swali linalomfichua ni lile la 0.4 na 0.35. Naye mfuasi wa kanuni ya pili atajibu swali hilo sawasawa kwa sababu isiyo sahihi, mpaka aulizwe kuhusu 0.73 na 0.6. Kwa hiyo, alama kamili inaweza kuwa pazia linalofunika kutoelewa.

Nililishuhudia jambo hili mjini Kitale kwa mpwa wangu aliyekuwa gredi ya tano. Alinionyesha daftari lenye maswali matano ya kulinganisha desimali, yote yakiwa na tiki. Niliyatazama nikaona kwamba katika kila swali namba zote mbili zilikuwa na urefu sawa. Nikamwandikia 0.4 na 0.35.

"Ni 0.35, mjomba," akasema. "Thelathini na tano inashinda nne."

Nikamwandikia 0.5 na 0.25. Akachagua 0.25. Nikamwuliza kati ya nusu kilo na robo kilo ipi nyingi. Akacheka, akajibu kuwa ni nusu. Nilipoandika neno nusu chini ya 0.5 na neno robo chini ya 0.25, kicheko kilikoma.

Tulikata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita kumi, tukakubaliana kwamba ukanda wote ni moja. Hivyo kila sentimita ikawa sehemu ya kumi, na kila milimita ikawa sehemu ya mia. Akapima 0.4, akafika sentimita nne. Akapima 0.35, akaishia sentimita tatu na milimita tano. Hakuhitaji kuambiwa lolote. Lakini nilipomwuliza kuhusu 0.4 na 0.40, alisema ya pili ndiyo kubwa, tukarudi tena kwenye ukanda. Uelewa hauji wote kwa siku moja, na swali moja haliwezi kuupima.

Kwa mwanaisimu, neno la kuzingatia katika jibu la mtoto huyu ni "thelathini na tano". Namna anavyoisoma namba ndiyo namna anavyoifikiria. Anayesoma "sifuri nukta tatu tano" amezitaja tarakimu bila kuzipa thamani. Anayesoma "sifuri nukta thelathini na tano" amezipa thamani isiyo yake. Anayesema "sehemu tatu za kumi na sehemu tano za mia" ndiye aliyeitaja nafasi. Simon Stevin, ambaye kijitabu chake cha 1585 kilizieneza desimali Ulaya, aliweka kando ya kila tarakimu alama ya kuonyesha nafasi yake. Nukta tunayoitumia leo ni fupi na nyepesi kuandika, lakini imemwachia msomaji kazi ya kuzikumbuka nafasi hizo mwenyewe.

Nchini Kenya, kazi hiyo huongezewa uzito na lugha. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia mwaka wa nne. Katika Mtaala wa Umilisi, desimali nazo huingia katika gredi ya nne. Mambo mawili mapya humfikia mtoto kwa pamoja. Katika Kiingereza, jina la makumi na jina la sehemu za kumi hutofautiana kwa sauti hafifu tu mwishoni mwa neno, ilhali mtoto wa hapa amezoea Kiswahili na Lubukusu, ambamo maneno huishia kwa irabu. Sauti hiyo ikimponyoka, makumi na sehemu za kumi huwa kitu kimoja masikioni mwake.

Katika Kiswahili, makumi na sehemu za kumi havikaribiani hata kidogo. Isitoshe, lugha yetu ina neno ushuri kwa maana ya sehemu moja ya kumi, na mtoto aendaye kanisani amekwisha kusikia habari za fungu la kumi. Sidai kwamba lugha pekee itaponya kila kitu, kwani "thelathini na tano" ya mpwa wangu ilikuwa Kiswahili safi. Ninachodai ni kwamba maneno ya kumsaidia mtoto tunayo, nayo hayatumiki pale yanapohitajika.

Mitihani ya kuchagua jibu, kama KCPE iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na KPSEA iliyoanza 2022, haiwezi kumsikia mtoto akieleza. Mwalimu aliye darasani anaweza. Maswali matatu yanatosha kuanzia: 0.4 na 0.35, 0.73 na 0.6; 0.4 na 0.40. Baada ya kila jibu, liwe sahihi au si sahihi, aulize: "Umejuaje?" Kisha amwache mtoto ajibu kwa lugha anayoimudu.

Wengi wetu katika vyama vya Kiswahili tutakuwa walimu. Tumezoea kudhani kwamba kazi yetu itakomea kwenye ngeli, ushairi na insha. Lakini mwenzetu wa hisabati anapomwuliza mtoto "Umejuaje?", jibu atakalolipata ni sentensi, na sisi ndio tuliosomea sentensi. Tusimwachie kazi hiyo peke yake.