KIHAMBA KIMOJA, WARITHI WANNE



Ukitoka Moshi mjini kwa barabara ya kwenda Taveta, utafika Himo. Hapo kuna joto, na mashamba ni ya mahindi na maharage. Kata kushoto uipande njia ya Marangu. Baada ya mwendo mfupi hewa inakuwa baridi. Pande zote mbili za barabara utaona migomba mitupu. Mgeni hudhani anapita msituni. Kumbe anapita katikati ya nyumba za watu.

Shamba hilo la nyumbani Wachaga huliita kihamba. Juu kuna miti mirefu. Chini yake kuna migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hukaa bandani na kulishwa majani na mashina ya migomba. Samadi yake hurudishwa shambani. Maji huletwa kwa mfereji kutoka juu mlimani. Mpaka hauna seng'enge, bali umepandwa mmea uitwao isale. Na ndani ya kihamba hicho hicho wamelala wazee waliotangulia.

Kwa hiyo kihamba ni nyumba, ni ghala, na ni makaburi. Ndiyo sababu kukigawa ni jambo zito.

MAJIRANI WANABISHANA

Mimi ni Bwana Shamba. Katika kitongoji kimoja cha mteremko huo niliitwa nipime kihamba cha ekari 1. Mwenye kihamba alikuwa amefariki. Aliacha mjane na watoto wanne: wavulana watatu na msichana mmoja. Watoto walitaka kigawanywe mapande manne, toka barabarani hadi korongoni. Mkubwa alitaka kuuza pande lake kwa mtu wa mjini.

Majirani walikuja wengi. Labda utauliza, mali ya watu inawahusu nini? Sikiliza walivyosema.

Jirani wa chini alisema, "Mfereji wangu unapita hapa. Mkijenga nyumba nne na kuchimba vyoo vinne, mimi nitakunywa nini?"

Mama mmoja alisema, "Njia ya watoto kwenda shule ni hii. Kila mmoja akizungushia ukuta, watapita wapi?"

Kijana mmoja akasimama. "Wazee wangu, shikamooni. Ninyi mlipewa vihamba na baba zenu. Sisi tukiomba pa kujenga, mnasema ardhi isikatwe. Tukaishi wapi?"

Watu walinyamaza. Neno la kijana lilikuwa na uzito. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 650,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 1,860,000. Mlima ni ule ule.

TUHESABU PAMOJA

Nilipoombwa kusema, sikumtetea mtu. Nilihesabu. Nawe hesabu pamoja nami.

Ekari 1 ni hatua 70 kwa hatua 70. Ukiikata mapande manne marefu, kila pande lina upana wa hatua 17 na nusu. Nyumba na ua wake zikichukua hatua 15 kwa 15, karibu sehemu moja ya tano ya pande imekwisha. Bado choo, banda la ng'ombe na njia ya kupita. Kinachobaki hakiwezi kulisha ng'ombe mmoja. Pasipo ng'ombe hakuna samadi. Pasipo samadi mgomba unadhoofika na mkungu unakuwa mdogo.

Sasa tuseme kila mrithi naye ana watoto wanne, nao wakagawana vivyo hivyo. Kila mjukuu atapata upana wa hatua 4 na kidogo. Hilo si shamba tena. Ni ujia.

MTOTO WA KIKE

Ndipo baba mdogo wa watoto akasema, "Basi tupunguze. Msichana ataolewa. Tugawe kwa wavulana watatu."

Kwa mila za zamani kijana wa kwanza na wa mwisho ndio waliotazamwa zaidi, na wa mwisho alirithi nyumba ya baba. Binti hakutajwa. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mwenyekiti wa kitongoji aliyasema hayo mbele ya wote.

Yule binti alikuwa amekaa nyuma. Alisema maneno machache tu: "Baba mdogo, mama alipougua mwaka mzima, nani alikata majani ya ng'ombe?" Hakuna aliyemjibu.

WALIVYOPATANA

Kikao kilichukua siku mbili. Mwishoni walipatana hivi. Bustani ya migomba na kahawa isikatwe. Itatunzwa na mama, binti na mtoto wa mwisho, na mapato yatagawanywa. Upande wa barabarani, penye mawe, vitolewe viwanja viwili vya kujenga. Shamba la mahindi la kule chini lipewe yule wa pili. Mfereji na njia ya shule visiguswe.

Mkubwa hakufurahi. Alitaka fedha. Ndugu zake walikubali kununua sehemu yake kidogo kidogo, ili isiende kwa mgeni. Mpaka leo wanadaiana, lakini wanasalimiana.

Mzee mmoja alifunga kikao kwa kusema, "Isale ni jani la kuombea msamaha. Tusilifanye jani la ugomvi."

NAWE MSOMAJI

Labda kwenu hakuna kihamba. Lakini ardhi ya kurithi ipo, na watoto wapo. Usingoje msiba. Kaa na jamaa yako mapema. Pimeni kwa hatua, mbele ya majirani wa pande zote. Ulizeni maji yanapita wapi, na watu wanapita wapi. Mtajeni kila mtoto, wa kiume na wa kike. Mkipatana, andikeni, nanyi mnajua kuandika sasa.

Aliyefariki akiacha mali, ukoo upendekeze msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama. Mkishindwa kupatana juu ya ardhi, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

Panga hukata mgomba, nao huchipua tena. Shamba likikatwa vipande vidogo halichipui.