Mifuko Iliyokwisha Kuzaa

Nyanya zikishang'olewa, wengi huona kivungulio kimepumzika. Kazi yangu ndiyo ilikuwa inaanza. Nilikuwa msimamizi wa vivungulio huko Naivasha, na kila msimu ukiisha niliachiwa mifuko iliyokwisha kuzaa: mingine ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mingine ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno.

Pumisi haikunisumbua. Haiozi wala haishikani. Unachekecha mizizi, unaosha, unapanda tena. Makumbi ndiyo yenye visa. Mapya huja na sodiamu na potasiamu, hata yakabidi kulowekwa kwa kalsiamu naitreti kabla ya kupandwa. Ya zamani yamekwisha kutulia, na mimi niliyapenda zaidi, ingawa wauza pembejeo hawakufurahi kulisikia hilo. Ila huoza polepole, yakalala, mizizi ikakosa hewa. Nilikuwa nachota konzi na kukamua. Kiganja kikibaki na tope badala ya nyuzi, mfuko huo basi tena.

Iliyofaa tuliimwagia maji safi mpaka yanayochuruzika chini yakaribiane chumvi na ya bomba, kisha tukarundika makumbi chini ya turubai na kufungulia mvuke wa boila. Nyuzi joto 70 katikati ya rundo kwa nusu saa zinatosha. Vijana walitaka kufika 100. Niliwakataza: moto huo hufagia hata vijidudu vyema, na ugonjwa wa kwanza kuingia hukuta nyumba haina mwenyewe.

Mnyauko wa bakteria sikuujadili na mtu. Mnyanya hulegea mchana, majani yangali ya kijani. Tulikata kipande cha shina tukakining'iniza ndani ya glasi ya maji, na baada ya dakika chache uzi mweupe ungeanza kushuka. Mama mmoja wa zamu yetu alikuwa na macho kunishinda.

"Mzee, huu unatoa."

"Toa mstari mzima, mama."

Mhasibu alilalamika kwamba tunatupa mifuko bure wakati mvuke humuua bakteria huyo. Kweli humuua, lakini kingo za rundo hazipati joto sawa na katikati, na mfuko mmoja ulioponyoka unatosha kumaliza kivungulio. Mifuko ya mstari huo ilikwenda shimoni.

Iliyopona niliianzia matango, kwa kuwa kuvu wa fuzari anayenyausha nyanya hali matango. Nyanya zilingoja msimu wa pili.