Kwa Mpwa Wangu Mzamiaji, Kabla Hujakata Tiketi

Uriri, Kaunti ya Migori

Mpwa wangu mpendwa,

 Mama yako amepata nafuu ya goti, na miwa inangoja tu lori la kiwanda.

Unasema unataka kumpeleka mumeo, mkwe wetu, kisiwani wiki nzima, wewe uzamie, naye “hatakosa la kufanya”. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi. Nilipokuwa Shimoni katika Idara ya Uvuvi niliwaona wengi wa namna yenu. Mmoja anashuka mashuani saa saba mchana, chumvi imemkaukia usoni, anasimulia kasa na taa bila kupumua. Mwenzake amekaa kivulini tangu saa mbili asubuhi akilinda taulo. Usiku mezani wanatazama simu.

Ninyi wazamiaji hamjui kuhesabu saa. Kuna safari ya kwenda mwambani, mtungi wa kwanza, mapumziko juu ya maji, mtungi wa pili, kisha kurudi. Nusu ya mchana imekwisha, na ukifika nchi kavu unataka kulala. Kwa hiyo kisiwa kichague kwa ajili ya mumeo. Miamba mizuri imejaa pwani hii yote, lakini mahali ambapo mwalimu wa Uriri asiyejua kuogelea atakaa siku saba bila kukuhesabia dakika si pengi.

Pemba uliyoitaja ni ya kwako peke yako. Kuta za matumbawe zinashuka hadi gizani na mkondo una nguvu, ndiyo maana wazamiaji huisifu. Chumbe, karibu na Unguja, kuna kinyume chake: wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi, wanaelea juu kwa miwani na mrija tu. Mafia imenipa mawazo zaidi. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hula karibu na uso wa bahari upande wa Kilindoni, hivyo hakuna haja ya mtungi kumwona. Pale Chole kuna magofu na popo wakubwa wala matunda. Lakini kumfuata potwe ni kuruka kutoka mashuani katikati ya bahari, na mkwe wetu alilelewa karibu na mto Kuja akionywa asiusogelee ukifurika. Usimfanyie hivyo mwaka wa kwanza.

Kuhusu Mfangano, ni karibu na nauli ni ndogo, nakubali. Lakini utaona nini chini ya maji yale ya kijani ya ziwa? Na kuna kichocho, viboko na mamba. Nendeni siku nyingine mkatazame michoro ya kale miambani, mpite na Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya. Mitungi iacheni nyumbani.

Mimi nawaelekeza Wasini. Wewe utapata hifadhi ya bahari ya Kisite, ambako uvuvi umepigwa marufuku, na samaki wamezoea watu. Pomboo huonekana mara nyingi njiani, na hao hata aliyekaa mashuani na jaketi la kuokolea huwaona sawasawa na wewe. Siku moja aje nanyi, moja tu. Siku nyingine abaki. Kisiwa hakina magari. Kina kijiji cha Wavumba wenye lahaja yao, na mwalimu wa Kiswahili akiketi na wazee barazani jioni hutamtoa kwa urahisi. Kuna bustani ya matumbawe ya kale iliyobaki nchi kavu, miamba mikubwa iliyochongwa na maji, na daraja la mbao katikati ya mikoko ambalo kina mama wa kijiji hulisimamia na kujipatia riziki. Alipe kiingilio bila kubishana bei. Ng’ambo ya pili, Shimoni, kuna mapango yanayohusishwa na biashara ya watumwa. Huko asiende kwa haraka, wala usimpeleke wewe ukiwa na mawazo ya mtungi wa pili.

Lakini ninalotaka ulishike zaidi ni maji yenyewe. Mzamiaji hupenda maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, kwa sababu mkondo hupungua na maji hutulia. Mtembezi hupenda bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, bahari inapokupwa mbali hadi mwamba ukabaki wazi. Pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne au saa tano asubuhi, wakati mzuri kabisa wa kutembea. Basi usipange wiki yoyote tu. Fikeni mwezi ukiwa wa siku saba au nane, uzamie siku nne za mwanzo. Kisha maji yakianza kupwa sana, vua vifaa vyako uvikaushe, siku zilizobaki ziwe zake.

Hapo mvuke hadi Kibuyuni mkaone mashamba ya mwani. Mkwe wetu ana miwa ekari mbili na anapenda kujua bei ya kila kitu. Akiwaona kina mama wamesimama maji ya magotini wakifunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, wakivuna baada ya wiki sita hivi, atauliza maswali hadi bahari ijae. Uriri tunangoja muwa mwaka na zaidi! Wewe siku hiyo ubebe maji ya kunywa na unyamaze.

Mpango huo una faida nyingine. Baada ya kuzamia siku mfululizo, wataalamu hushauri usubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu hewa inapopungua uzito. Mimi nakwambia saa 24. Wala usidhani treni ya Mombasa ni salama kwa kuwa iko ardhini. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwili haujali umepanda kwa chombo gani. Ukimaliza kuzamia mapema, siku hizo za mwisho zinakulinda.

Yeye naye mpe kazi moja. Ajue mashua inarudi saa ngapi na namba ya simu ya nahodha. Ukilalamika baadaye kuwa viungo vinauma, ngozi inakufa ganzi, au uchovu si wa kawaida, yeye ndiye atakayemwambia daktari kwamba ulizamia. Wagonjwa wengi hulisahau hilo.

Usimsukume ajaribu mtungi. Kozi ya siku moja kwa mtu asiyejua kuogelea, mbele ya mkewe anayejua, si burudani. Akitaka mwenyewe, aanze na miwani na mrija kwenye maji ya kifuani, na mwalimu asiwe wewe. Pesa zake za matembezi mpe siku ya kwanza zote, asiwe anakungoja ufukweni ili anunue chai.

Nendeni likizo ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kaskazi imeanza, kabla bei za Krismasi hazijapanda. Kati ya Mei na Septemba kusi huchafua bahari, msijaribu. Nitumie tarehe baada ya kuitazama kalenda ya mwezi pamoja naye, nami nitampigia nahodha ninayemwamini pale Shimoni. Na kaa wa Wasini waagizwe asubuhi, maana mchana wageni wa Diani huwamaliza.

Msalimie sana mkwe wetu.

Mimi mjomba wako.